Mmeelewa? Ndiyo, Mwalimu!

Hotuba hii ilitolewa katika ukumbi wa chuo kimoja cha ualimu, wiki mbili kabla ya wanachuo kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha. Inawekwa hapa kwa ukamilifu kwa ajili ya wale ambao hawakuwapo.

Mkuu wa Chuo, wakufunzi, na ninyi walimu wenzangu mnaojiandaa kwenda vituoni: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa wote, habari za asubuhi.

Kabla sijasema lolote, naomba mfanye jambo moja. Mlipoingia, kila mmoja alipewa kipande cha karatasi. Andikeni jina lenu juu, na chini yake andikeni namba moja tu. Leo nitawasimulia visa saba. Wiki moja kuanzia leo, bila daftari na bila kumwuliza jirani, utaweza kueleza visa vingapi kati ya hivyo, nani alifanya nini na kikatokea nini? Andika namba unayoiamini kwa dhati, si ile ya kunifurahisha mimi. Mwenyekiti wa serikali ya wanachuo atazikusanya na kuzitia katika bahasha.

Zimekusanywa? Ahsanteni. Sasa tuanze.

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha, katika shule ambayo sitaitaja, nilipewa Kidato cha Kwanza chenye wanafunzi sabini na ushei, nikafundisha ngeli na upatanisho wa kisarufi kwa wiki tatu. Kila nilipomaliza sehemu niliuliza, "Mmeelewa?" Wakajibu, "Ndiyo, mwalimu!" kwa sauti iliyotikisa mabati. Nikauliza tena, "Tumeelewana?" Wakajibu kwa nguvu zaidi. Nami jioni, kwenye andalio la somo, mahali pa tathmini, nikaandika kwa mwandiko wa kujivunia: somo limeeleweka vizuri. Waliporudi kutoka likizo ya Juni niliwapa jaribio fupi la yale yale. Wengi waliandika kana kwamba ngeli ni kitu walichokisikia kwa mbali, wakati wanapita njia. Nilikasirika sana. Niliwaambia kwamba walinidanganya.

Nimekuja hapa leo, baada ya miaka mingi, kuwatetea wale watoto. Hawakunidanganya. Niliwauliza swali kuhusu dakika ile, wakanijibu kuhusu dakika ile, na kweli dakika ile walikuwa wameelewa, kwa kuwa mifano ilikuwa ubaoni mbele ya macho yao. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu nililichukua jibu la leo nikalifanya ahadi ya mwezi wa saba. Je, ni nani kati yetu asiyefanya hivyo? Tena hatuwafanyii wanafunzi peke yao. Tunajifanyia wenyewe kila usiku tunapofunga kitabu na kusema, "Hii nimeishika."

Jambo hili limepimwa, na mojawapo ya majaribio yake mashuhuri linatuhusu kwa namna ya kuchekesha. Wataalamu wawili wa Marekani, Jeffrey Karpicke na Henry Roediger, walichapisha mwaka 2008 utafiti ambamo wanafunzi wa chuo walipewa jozi 40 za maneno wajifunze. Ni maneno ya lugha gani? Ya Kiswahili! Neno la Kiswahili upande mmoja, maana yake ya Kiingereza upande wa pili. Moja lilikuwa "mashua". Hebu mfikirieni kijana wa chuo kikuu, ameshika kichwa kwa mikono miwili, akipambana na neno ambalo mtoto wa Pangani hulijua kabla hajang'oka meno ya utotoni. Wanasaikolojia wa huko wamekipenda Kiswahili kwa sababu nyepesi: kinaandikwa kwa herufi wanazozijua, kinatamkika, na wanafunzi wao karibu wote hawakijui, kwa hiyo kila mtu anaanzia sifuri. Wenzao wawili, Thomas Nelson na John Dunlosky, walikuwa wamekwisha kuchapisha mwaka 1994 orodha ya jozi 100 za aina hiyo kwa ajili ya majaribio. Majina hayo mawili yashikeni, tutarudi kwao.

Wanafunzi wote walisoma na kujaribiwa kwa zamu mpaka kila neno lilipokumbukwa walau mara moja. Tofauti ilianzia hapo. Kundi la kwanza liliendelea kusoma maneno yote na kujaribiwa maneno yote. Kundi la pili, neno likishakumbukwa mara moja, halikulisoma tena, ila liliendelea kuulizwa. Kundi la tatu lilifanya kinyume: neno likishakumbukwa, liliendelea kulisoma lakini halikuulizwa tena. Kundi la nne lilifanya kile ambacho sisi sote tulifanya tulipokuwa wanafunzi, yaani neno likishakumbukwa mara moja linatupwa kando kabisa, halisomwi wala haliulizwi, tunasonga mbele.

Mwishoni wakaulizwa: wiki ijayo mtakumbuka maneno mangapi kati ya 40? Sikilizeni vizuri, maana kisa chote kiko hapa. Makundi yote manne yalitabiri kiasi kile kile, kama nusu ya maneno. Hakuna kundi lililohisi kwamba limejifunza vizuri au vibaya kuliko jingine. Wiki ikapita. Makundi mawili yaliyoendelea kuulizwa yalikumbuka takriban asilimia 80. Lililoendelea kusoma bila kuulizwa lilikumbuka asilimia 36, na lile lililotupa kando asilimia 33. Rudieni kuzitazama hizo mbili za mwisho. Kusoma tena na tena maneno ambayo tayari yamekumbukwa mara moja, kwa jasho lote lile, kuliongeza asilimia 3 tu. Kuulizwa ndiko kulikoongeza zaidi ya mara mbili. Na wenyewe, waliokuwa ndani ya vichwa vyao, hawakuliona.

Kwa nini hawakuliona? Kwa sababu kichwa hakina dirisha la kuchungulia kesho. Tunapoulizwa kama tutakumbuka, tunatazama kitu kingine kilicho karibu, yaani wepesi wa jambo hilo kwa sasa, kisha tunautaja wepesi huo kana kwamba ndio kumbukumbu ya kesho.

Niruhusuni niwarudishe nyumbani kidogo. Baba yangu alikuwa na duka dogo karibu na soko la samaki. Aliuza sukari, mafuta ya taa, sabuni ya mche, na nusu ya bidhaa hizo ziliondoka kwa mkopo. Hakuandika. Alikuwa na kichwa kizuri, na mteja alipoondoka na kilo mbili za unga alimwambia, "Nenda, nitakukumbuka." Mwisho wa mwezi hesabu haikutimia, na kila mwezi alishangaa upya. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari, na baba methali hiyo aliijua, tena aliwaambia wengine. Mama ndiye aliyenunua daftari, akalitoboa, akalifunga kamba pamoja na kalamu kwenye nguzo ya duka. Alimwambia baba maneno ambayo sikuyaelewa wakati ule: "Sasa hivi unamwona uso wake. Jumamosi ya mwisho wa mwezi hutamwona."

Mama hakusoma saikolojia, lakini kile alichokisema kilipimwa na Asher Koriat wa Chuo Kikuu cha Haifa, nchini Israeli, pamoja na wenzake akiwamo Robert Bjork wa Marekani, wakakichapisha mwaka 2004. Waliwapa watu jozi za maneno wajifunze, kisha wakawauliza watakumbuka mangapi. Baadhi waliambiwa watapimwa baada ya dakika kumi, wengine baada ya siku moja, wengine baada ya wiki. Ninyi mngetegemea nini? Kwamba wa wiki moja wangejikadiria chini zaidi, bila shaka, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba mambo husahaulika. Haikuwa hivyo. Makadirio yalikaribia kuwa sawa. Katika jaribio mojawapo waliwauliza hata kuhusu mwaka mzima, na bado makadirio hayakushuka inavyostahili. Ilhali kumbukumbu halisi, kama Hermann Ebbinghaus alivyoonyesha Ujerumani tangu mwaka 1885 kwa kujipima mwenyewe, hushuka kwa kasi zaidi katika saa na siku za mwanzo kabisa.

Sasa msiwadharau watu hao. Mtu mmoja alipowekewa mbele yake vipindi vyote pamoja, dakika kumi na wiki na kadhalika, alikumbuka mara moja kwamba muda hufuta, akarekebisha. Na swali lilipogeuzwa, badala ya "mtakumbuka mangapi" likawa "mtasahau mangapi", watu walianza kuujali muda. Kwa hiyo elimu ya kusahau walikuwa nayo, kama baba alivyokuwa na methali yake. Hawakuitumia mpaka swali lilipowalazimisha. Mimi nadhani hilo ni la kutisha kuliko ujinga, maana mjinga unaweza kumfundisha, lakini mtu anayejua na hatumii utamfundisha nini?

Kuna upande wa pili wa kosa hili ambao haupendwi kusemwa. Nate Kornell na huyo Bjork walionyesha mwaka 2009 kwamba watu hupuuza pia kiasi ambacho kusoma zaidi kutawaongezea. Walioambiwa kwamba watapata nafasi kadhaa za kusoma walitabiri karibu sawa na walioambiwa watapata moja, ingawa waliosoma mara nyingi walipanda sana. Tunadhani kumbukumbu yetu itabaki pale ilipo leo, haitashuka na haitapanda. Mtoto aliyefaulu leo anaamini amemaliza. Mtoto aliyefeli leo anasema, "Hesabu si zangu." Wa pili huyo, walimu wenzangu, mtamkuta katika kila darasa mtakaloingia, kwa kawaida nyuma karibu na dirisha, na hakuna anayemwambia kwamba makadirio yake yamekosea kama ya mwenzake wa mbele.

Nije sasa kwenye jambo linalonigusa mimi niliyesimama hapa na kipaza sauti. Mwaka 2013 Shana Carpenter wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, na wenzake walirekodi video mbili fupi za mhadhiri yule yule akieleza maneno yale yale, kwa nini karibu paka wote wenye mabaka ya rangi tatu ni majike. Katika video ya kwanza alisimama wima, akawatazama watu, akasema bila kukwama. Katika ya pili aliinama kwenye karatasi, akasitasita, akafungua kurasa ovyo. Waliomsikiliza yule fasaha walitabiri kwamba watakumbuka mengi zaidi. Walipopimwa, makundi mawili hayakutofautiana kwa maana yoyote. Ufasaha ulipandisha imani yao na kuiacha kumbukumbu pale pale.

Hili linatuuma sisi watu wa pwani hasa, ambao tunapenda msemaji anayejua kupanga maneno. Hata hivyo sisemi mwende darasani mkakwamekwame makusudi. Nasema kwamba mkiona nyuso zinang'aa na vichwa vinaitikia, msijipongeze bado. Na pengine mmenielewa mno asubuhi hii, jambo ambalo linanitia wasiwasi.

Kisa cha sita kinatoka posta ya Uingereza. Katika miaka ya sabini ilibidi wafanyakazi wa posta wajifunze kupiga taipu, kwa ajili ya mitambo mipya ya kupanga barua, na Alan Baddeley na mwenzake Longman wakaombwa wasaidie. Wakawagawa wafanyakazi katika makundi. Wengine walijifunza saa moja kwa siku, wengine saa mbili, na wengine hadi saa nne kwa siku. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1978, yalikuwa kwamba kundi la saa moja kwa siku lilifika kwa saa 55 mahali ambapo kundi la saa nne lilihitaji saa 80. Saa 25 za ziada zilipotea kwa kurundika. Sasa nani aliridhika zaidi na ratiba yake? Wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote. Walipotazama kalenda waliona wenzao wanawaacha nyuma, kwa kuwa saa moja kwa siku huchukua siku nyingi kufika popote. Waliojifunza vizuri zaidi ndio waliojiona wanajifunza vibaya.

Mkitaka kujua kwa nini wanafunzi wanakesha usiku wa kuamkia mtihani na madesa yaliyokunjwa mfukoni, msiwaite wavivu tu. Kukesha kunatoa hisia nzuri sana. Saa kumi alfajiri kila ukurasa unaonekana unaujua, kwa kuwa uliusoma saa tisa.

Wazee wetu wa vyuoni, nina maana vyuo vya Kurani, hawakuihesabu hisia hiyo hata kidogo. Mwanafunzi hakuulizwa kama amehifadhi. Aliambiwa asome, ubao ukiwa umefunikwa, na kesho yake akaambiwa asome tena cha jana kabla hajapewa kipya. Mtume mwenyewe aliwahimiza waliohifadhi wairudie Kurani daima, kwa kuwa huponyoka kwa kasi kuliko ngamia katika kamba zao. Tulipoleta ubao mweusi na chaki tuliacha kurudia huko, tukabaki na "Mmeelewa?" Kuhusu bakora za chuoni, hizo sizitamani.

Je, basi mtu hawezi kabisa kujua atakumbuka nini? Anaweza, na hapa ndipo tunaporudi kwa Nelson na Dunlosky, wale wa orodha ya Kiswahili. Mwaka 1991 waliwapa watu jozi za maneno, wakawataka watabiri kwa kila jozi kama wataikumbuka. Baadhi ya utabiri ulifanywa papo hapo baada ya kusoma jozi. Mwingine ulifanywa baada ya kucheleweshwa kidogo, jozi nyingine zikiwa zimepita katikati, na mtu akionyeshwa neno la kwanza tu bila la pili. Tumieni kipimo ambacho 0 ni kubahatisha na 1 ni kupatia bila kosa. Utabiri wa papo hapo ulifikia kama 0.4. Ule uliocheleweshwa ulifikia kama 0.9. Ni watu wale wale, vichwa vile vile, maneno ya aina ile ile! Kilichobadilika ni muda mfupi wa kusubiri. Aliyesubiri hakuweza tena kuutazama wepesi wa sasa, ilibidi alitafute jibu kichwani, na kule kulitafuta kukamwambia ukweli.

Sasa nitawaambia nilichobadilisha mimi katika kazi yangu, nanyi mtaona kama kinafaa huko mnakokwenda.

Niliacha kuuliza "Mmeelewa?" mwisho wa kipindi. Dakika tano za mwanzo wa kipindi kilichofuata nilisema, "Fungeni madaftari," nikauliza maswali mawili, moja la juzi na moja la wiki iliyopita. Waliandika kwenye nusu ya karatasi, wakabadilishana na jirani, wakasahihishana. Sikuweka alama popote, kwa kuwa nilipoweka, watoto walianza kuibia, na karatasi iliyoibiwa hainiambii chochote. Kwa darasa la wanafunzi 90 hakuna njia nyingine ninayoifahamu isiyomuua mwalimu kwa kusahihisha. Mara moja kwa mwezi niliwataka waandike kwanza, kabla ya jaribio, alama wanayodhani watapata, kisha wailinganishe na waliyopata. Mwanzoni walicheka. Muhula wa pili kicheko kilipungua, na nikaona baadhi yao wanajifunika ukurasa kwa kiganja wakiwa peke yao, wanajiuliza, hasa wasichana wawili waliokuwa wakikaa chini ya mwembe wakati wa chakula.

Lazima niwe mkweli kuhusu gharama yake. Somo linaonekana baya. Kile kimya cha dakika tano za kwanza, watoto wakitazama dari kutafuta jibu, hakipendezi kwa mgeni. Akiingia mthibiti ubora wa shule dakika hiyo, ataona darasa ambalo halijibu kwa pamoja, na darasa la jirani linatikisa mabati. Wanafunzi wenyewe watalalamika kwamba mwalimu wa zamani alikuwa anaeleweka zaidi. Mkuu wa shule anaweza kuwaita ofisini. Mwelezeni kwa upole, mkiwa na zile nusu za karatasi mkononi, za wiki ya kwanza na za wiki ya sita. Na ninyi wakufunzi mtakaokwenda kuwatathmini vijana hawa, nawasihi msiwakate alama kwa kile kimya.

Visa vimetimia saba. Mnaweza kuvihesabu, ila msivihesabu kwa kutazama mlichokiandika. Bahasha atakaa nayo mkufunzi wa saikolojia ya elimu, na Ijumaa ijayo, saa nane mchana, mtarudi katika ukumbi huu huu na karatasi tupu. Mtaandika kile kilichobaki, kisha mtarudishiwa namba mlizoandika leo. Wakati karatasi zinapita mbele yangu nilichungulia, na zenye namba saba zilikuwa nyingi sana, zaidi katika safu hizi za mbele.

Yangu nayo imo humo, mwenyekiti ni shahidi. Visa ni vyangu na nimevisimulia kabla ya leo, lakini kile cha posta huniponyoka kila mwaka. Nimeandika sita.

Ahsanteni kwa kunisikiliza.